Hewa ya Usambara: nani kaibadilisha, na nani alipe?

  Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kulizungumzia jambo ambalo limekuwa likiulizwa mara kwa mara kwenye mabaraza yetu, hasa huku milimani Usambara.

Wazee wa Lushoto, Mlalo na Bumbuli wanasema kuwa majira yamevurugika. Mvua za vuli mwaka mmoja hukosekana, mwaka wa pili hunyesha kwa ghadhabu. Vijana waliosoma wanajibu kuwa sababu ni mabadiliko ya tabianchi, yaani hewa ya dunia imebadilika. Hapo ndipo huzuka swali: mbona wataalamu hao hao wanasema kuwa hewa imekuwa ikibadilika tangu dunia iumbwe? Ikiwa ni kawaida yake kubadilika, kosa la mwanadamu liko wapi?

Swali hili halifai kupuuzwa wala kuchekwa, kwani jibu lake ndilo linaloamua jambo zito. Ikiwa mabadiliko haya ni ya kawaida, basi mkulima ambaye shamba lake limeporomoka ataambiwa asubiri tu. Lakini ikiwa yamesababishwa na mikono ya watu, basi kuna wenye kuulizwa, na kuna wenye haki ya kudai. Kwa hiyo na tulitazame kwa utaratibu.

Hewa ni kitu gani

Hewa inayoizunguka dunia ni mchanganyiko wa gesi kadhaa. Asilimia 78 ni naitrojeni, asilimia 21 ni oksijeni, na karibu asilimia moja iliyosalia ni gesi nyinginezo. Miongoni mwa hizo mna hewa ukaa, ambayo haifiki hata nusu ya sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Aidha, mna mvuke wa maji ambao kiasi chake hupanda na kushuka kutegemea mahali na majira.

Mtu asidanganyike na uchache wa hewa ukaa. Chumvi kwenye mchuzi nayo ni chache, lakini ndiyo inayoamua kama chakula kitalika. Jua linapoipasha ardhi moto, ardhi nayo hutoa joto kulielekeza angani. Mvuke na hewa ukaa hulizuia sehemu ya joto hilo lisipotee, mfano wa blanketi lisiloleta moto mpya bali huhifadhi joto la aliyejifunika. Lau si blanketi hilo, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, ilhali sasa ni takriban nyuzi 15 juu yake. Kwa hiyo hewa ukaa yenyewe si laana. Ni neema kwa kipimo chake, na madhara huanza pale kipimo kinapozidishwa.

Mkazi wa Usambara anaujua umuhimu wa hewa kuliko wengi. Atokaye Mombo, chini kwenye tambarare, akapanda barabara ya Soni hadi Lushoto iliyo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400, huhisi ubaridi ukiongezeka kila kona. Wastani wa joto hupungua nyuzi zipatazo sita kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ni tofauti hiyo ndogo inayomwezesha mtu wa Lushoto kulima viazi mviringo, kabichi na matunda ya nchi za baridi, ilhali ndugu yake wa Mombo hawezi. Basi anayesema kuwa nyuzi moja au mbili za joto si kitu, na aje awaulize wakulima wa milimani.

Historia ndefu ya hewa

Ni kweli kabisa kwamba hewa haikuwa hivi tangu mwanzo. Wataalamu wa miamba wanakadiria umri wa dunia kuwa miaka bilioni nne na nusu. Kwa takriban nusu ya muda huo, hewa yake ilikuwa na oksijeni ndogo mno, kiasi ambacho mwanadamu asingeweza kuvuta pumzi hata mara mbili. Kisha vijidudu vidogo vya baharini, vyenye uwezo wa kutumia mwanga wa jua kama yafanyavyo majani ya miti, vikaanza kutoa oksijeni. Kwanza oksijeni hiyo ilimezwa na chuma kilichokuwa ndani ya maji na kwenye miamba. Chuma kiliposhiba, ndipo ilipoanza kujikusanya angani, yapata miaka bilioni mbili na milioni mia nne iliyopita.

Tendo hilo halijakoma. Udongo mwekundu tunaouona kwenye kingo za barabara na mashamba ya Lushoto umepata rangi yake kwa sababu ya chuma kilichoungana na oksijeni, kwa namna ile ile panga lililoachwa mvuani linavyoshika kutu.

Baadaye mimea ilienea nchi kavu. Yapata miaka milioni 300 iliyopita, misitu mikubwa ya mabwawani iliota, ikafa na kufukiwa kabla haijaoza. Kaboni iliyokuwa imeitoa hewani ikazikwa pamoja nayo, ikageuka makaa ya mawe. Makaa ya mawe ya kwetu Tanzania, kama yale ya Kiwira na Ngaka kusini mwa nchi, nayo asili yake ni mimea ya kale iliyofukiwa. Kwa maneno mengine, chini ya ardhi mna hewa ya zamani iliyowekwa akiba.

Kisha zikaja zama za barafu. Katika bara la Antaktika, barafu imejilimbikiza tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mna viputo vya hewa ya kale. Watafiti wametoboa barafu hiyo na kupima hewa ya miaka 800,000 iliyopita. Wamekuta kwamba katika muda wote huo, hewa ukaa ilipanda na kushuka baina ya sehemu 180 na sehemu 300 hivi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Ilipopungua, dunia ilipoa. Ilipoongezeka, dunia ilipata joto.

Hata katika zama hizo za baridi na ukame, misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Usambara ni sehemu yake, haikutoweka. Chavua za mimea zilizohifadhiwa kwenye matope ya Udzungwa na Uluguru zinaonyesha kwamba misitu ilidumu, na wataalamu wanaeleza kuwa sababu ni unyevu utokao Bahari ya Hindi. Ndiyo maana Usambara ina mimea na viumbe visivyopatikana pengine popote. Lile ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, ambalo leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, lilipelekwa huko kutoka milima hii mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake limetokana na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire.

Nini kipya, basi?

Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Jipya ni kasi ya mabadiliko, na mkono unaoyaleta.

Dunia ilipotoka katika zama za barafu za mwisho, hewa ukaa iliongezeka kwa sehemu zipatazo 80, na ongezeko hilo lilichukua maelfu ya miaka. Miti ilipata wasaa wa kuhama, na wanyama wakazoea. Kabla ya viwanda vya Ulaya kuanza kutumia makaa ya mawe kwa wingi, kipimo kilikuwa sehemu 280. Mwaka 1958 mwanasayansi wa Kimarekani, Charles David Keeling, alianza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, akapata sehemu 315. Kufikia mwaka 2024 wastani ulikwishapita sehemu 420. Yaani ndani ya miaka isiyofika 70 zimeongezeka sehemu zaidi ya 100. Kipimo hiki hakijaonekana popote katika ile barafu ya miaka 800,000.

Na itajulikanaje kwamba ongezeko hilo limetokana na watu? Hoja ni nyepesi kufahamika. Mimea iliyo hai ina aina ya kaboni yenye mnururisho ambayo hupungua kidogo kidogo baada ya mmea kufa, hata baada ya makumi ya maelfu ya miaka ikawa imekwisha. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli hayana kabisa kaboni hiyo kwa sababu ya ukongwe wake. Watafiti wanapoipima hewa ya leo, wanakuta kuwa imechanganywa na kaboni kongwe ya aina hiyo. Alama ya mwizi imebaki mlangoni. Ile akiba iliyozikwa kwa mamilioni ya miaka imefukuliwa na kuchomwa katika karne mbili.

Matokeo yake yanaonekana. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, na wa kwanza ambao wastani wake ulizidi nyuzi moja na nusu juu ya ule wa kabla ya viwanda. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia saba zaidi kwa kila nyuzi moja. Hivyo mvua inapojaliwa kunyesha, humwagika kwa wingi. Na inapokosekana, joto huukausha udongo upesi. Hali ya Bahari ya Hindi nayo huongeza au hupunguza, kwani maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli huwa kubwa. Ikiwa kinyume chake, ukame huingia. Mwezi Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha kutokana na mvua za El Nino na athari zake. Hawa ni baba, mama na watoto wa watu, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Mkono wa mbali na mkono wa karibu

Hata hivyo, ndugu wasomaji, uadilifu unatutaka tusiutupie mkono wa mbali kila jambo. Usambara ina majeraha mawili, na kila moja lina dawa yake.

Jeraha la kwanza limeletwa na moshi wa nchi za mbali. Bara zima la Afrika, lenye zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watu sita duniani, hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hata kama Wasambaa wote wangezima mafiga yao kesho, kipimo cha Mauna Loa kisingetikisika.

Jeraha la pili tumelipata nyumbani. Inakadiriwa kuwa Milima ya Tao la Mashariki imepoteza zaidi ya theluthi mbili ya misitu yake ya asili. Wajerumani walikata miti ya mwangati kule Shume na kuiteremsha kwa njia ya kamba hadi Mkumbara kwenye reli. Mashamba makubwa ya chai na kahawa nayo yalichangia, na viwanda vya mbao, na sisi wenyewe tulioongezeka ilhali ardhi haikuongezeka. Msitu wa mlimani huunasa ukungu na kuudondosha ardhini hata siku isiyo na mvua. Hulizuia tone la mvua lisiupige udongo, na hulihifadhi maji yatoke polepole. Msitu ukiondoka, mvua ile ile iliyokuwa ikijaza chemchemi hugeuka mafuriko. Mji wa Tanga unakunywa maji ya mto Zigi unaotoka Usambara Mashariki, kwa hiyo shoka linalolia milimani husikika hadi kwenye mabomba ya pwani. Huko Amani, mahali palipokuwa na malaria haba hapo zamani, watafiti waliandika mwaka 1987 kwamba ugonjwa huo ulikuwa umeongezeka, na ukataji wa misitu ukatajwa miongoni mwa sababu.

Wapo wanaosema kuwa misitu ihifadhiwe kwa kuwa tutaishiwa oksijeni. Hoja hiyo si sahihi. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitoa, na akiba iliyomo angani ni kubwa mno. Msitu wa Magamba, wa Shagayu au wa Mazumbai una thamani kwa maji yake, udongo wake, viumbe wake na kaboni iliyomo kwenye vigogo vyake. Tuseme iliyo kweli, kwani hoja dhaifu huwapa wapinzani nafasi ya kuikanusha na iliyo imara.

Somo la historia ya milima hii

Watawala wa Kilindi waliokaa Vuga, akiwemo Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, walihesabiwa na raia wao kuwa wenye mamlaka juu ya mvua. Habari za ukoo huo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Sisi tunaamini kuwa mvua haina mmiliki ila Mwenyezi Mungu. Lakini ndani ya fikra ile ya Wasambaa mlikuwamo jambo la hekima. Walikuwa na maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mwenye nguvu aliulizwa kuhusu hali ya nchi. Njaa ikiingia, hakuweza kusema kuwa hayamhusu.

Leo wenye nguvu juu ya hewa ni mataifa yenye viwanda na makampuni ya mafuta. Hao nao waulizwe. Mwaka 2015 wanazuoni wa Kiislamu walikutana Istanbul, wakatoa tamko lililozitaka nchi tajiri na nchi zinazozalisha mafuta zitangulie kupunguza gesi hizi. Tamko hilo halikuzionea haya nchi za Waislamu wenzetu zenye visima. Mfuko wa kufidia hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka 2023, lakini ahadi za mwanzo zilikuwa za mamia ya mamilioni ya dola tu, ilhali hasara huhesabiwa kwa mabilioni mengi.

Historia inatufundisha pia kuwa hifadhi isiyo na uadilifu haidumu. Katika miaka ya 1940 na 1950 Waingereza waliwalazimisha watu wa Mlalo na Usambara kwa jumla wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, lakini wananchi walilazimishwa kazi ngumu bila ya kushauriwa. Walipinga, na kabla ya Uhuru mpango ulikuwa umeachwa. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa SECAP, ulioendeshwa kwa msaada wa Wajerumani, ulifuata njia ya kumwelekeza mkulima apande majani ya malisho na miti kwenye kingo za matuta, apate faida yeye mwenyewe. Na huko Derema, Usambara Mashariki, wakulima wa iliki walipotakiwa kuyaacha mashamba yao ili misitu iunganishwe, kukamilika kwa fidia zao kulichukua miaka. Aliyepoteza shamba leo hawezi kula ahadi ya kesho.

Tufanye nini

Kwanza, katika familia zetu. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuifikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Faida ya kwanza ni mapafu ya mama na watoto wanaovuta moshi jikoni, na ya pili ni msitu. Lakini bei ya mtungi wa gesi ndiyo itakayoamua. Mpaka hapo, jiko banifu na miti ya kuni ipandwayo kwenye mipaka ya shamba ni hatua iliyo ndani ya uwezo wa wengi. Misikiti na madrasa zetu zenye ardhi zianze kwa kupanda na kutunza, hasa kwenye vyanzo vya maji.

Pili, katika vijiji vyetu. Biashara ya kaboni imeingia nchini, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2022. Ikiwa wanunuzi watakuja Usambara, wanakijiji wasikatae kwa woga wala wasikubali kwa pupa. Waulize: mkataba ni wa miaka mingapi? Sehemu yetu ni ngapi, na inalipwa lini? Mama anayeokota kuni na kijana asiye na shamba watapata nini? Mnunuzi atapunguza moshi wake, au ananunua ruhusa ya kuendelea? Mkataba usiosomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji usitiwe saini.

Tatu, katika taifa. Wawakilishi wetu wadai haki bila ya kuomba kama mafukara. Na asiwepo wa kutukatisha tamaa kwa kusema kuwa hewa ikiharibika haitengenezeki. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal kuziondoa kemikali zilizokuwa zikitoboa tabaka la ozoni, na leo tabaka hilo linapona polepole. Palipokuwa na nia, njia ilipatikana.

Basi anayeulizwa barazani kama hewa imekuwa ikibadilika siku zote, na ajibu kuwa ndiyo. Kisha aongeze kuwa mto nao hupungua na kujaa siku zote, lakini aliyeuelekeza kwenye nyumba ya jirani hawezi kujitetea kwa kusema kuwa maji ni kawaida yake kupita. Huyo ana deni. Na sisi tulioondoa miti iliyokuwa kingo za mto nasi tuna la kwetu. Tulipe letu, ili tuwe na uso wa kudai la wenzetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuletee mvua zenye manufaa, atuepushe na zenye madhara, na awape subira waliofiwa.